Rubani Aliyeachwa Hai

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walifagia uwanja wa shule, wakamwagilia bustani ya mchicha, kisha wakajipanga mbele ya Mwalimu Hildegarda kwa mazoezi ya ngonjera. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita. Kijiji cha Mikumi kilikuwa kinaandaa sherehe ya kuwapongeza askari waliorudi na kuwakumbuka wasiorudi, na wageni wa wilaya walitarajiwa kutoka Kilosa.

Sesilia, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyepewa ubeti wa mwisho. Aliutunga mwenyewe, na kila aliposimama kuutoa, wenzake walinyamaza:

*Cleopa shujaa wetu, angani alimwangusha,*
*Kisasi cha kaka yetu, mauti kamuonjesha.*

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Hildegarda. "Lakini toa sauti. Wa nyuma nao wasikie."

Kaka aliyetajwa katika ubeti huo alikuwa Stefano, kaka yake Sesilia wa pekee. Alikwenda vitani na mgambo, akauawa kwa bomu lililotupwa na ndege karibu na Mto Kagera. Siku chache baada ya msiba, habari nyingine ilifika kijijini: Cleopa, baba yao mdogo, aliyekuwa rubani wa ndege ya kivita, ameangusha ndege ya adui. Watu waliamini kwamba rubani wake amekufa, wakapiga vigelegele. Kwa Sesilia, habari ile ilikuwa kama dawa kwenye kidonda. Baba yake mzazi alikwisha fariki zamani, na Cleopa ndiye aliyewalea yeye na Stefano. Sasa alikuwa amewalipia kisasi.

Vita vilipomalizika, Cleopa alirudi na jicho moja lisiloona vizuri. Hakuweza kurusha ndege tena. Kijiji kikamkabidhi mashine ya kusaga, na kina mama waliokuja na mahindi yao walipenda kumsifu. "Wewe ndiye uliyemmaliza yule nduli wa angani!" walimwambia. Yeye alitabasamu kidogo, akainamia injini yake. Sesilia aliamini kwamba baba yake mdogo hapendi kujisifu.

Alipomsomea ubeti wake pale mashineni, Cleopa alifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta, polepole.

"Umetunga vizuri, mwanangu," alisema. "Lakini, Sesilia, kuna jambo..."

Mama mmoja akaita kwamba unga wake unamwagika. Cleopa akakimbilia huko, na jambo lile halikusemwa tena.

Wiki ya sherehe ilipofika, Cleopa alimwambia Sesilia kwamba anakwenda Kilosa kumpokea rafiki yake. Sesilia akaomba kufuatana naye, kwa kuwa Mwalimu Hildegarda alikuwa amemwagiza kitambaa cheupe cha sherehe ambacho hakikupatikana katika duka la kijiji. Cleopa alisitasita, kisha akakubali. Wakapanda treni ya asubuhi.

Kilosa palikuwa na watu wengi. Nje ya duka la ushirika kulikuwa na foleni ndefu ya sabuni. Walipata kitambaa, wakaenda kungoja stesheni. Treni ya kutoka Dodoma ilipoingia, alishuka mtu mmoja mrefu, mwembamba, aliyevaa koti lililompwaya mabegani. Alisimama akitazama huku na huku mpaka alipomwona Cleopa. Walishikana mikono, na Sesilia akashangaa kuona machozi machoni mwa baba yake mdogo.

"Shikamoo," alisema Sesilia.

"Marahaba, mtoto wangu," alijibu mgeni. Kiswahili chake kilikuwa cha namna nyingine, kama cha mtu aliyejifunzia katika kambi ya jeshi. "Mimi ni Onzima. Kule gerezani huyu baba yako alikuja kuniona, alileta nguo, alisema habari yako. Sasa wametuachia turudi kwetu Uganda. Nikasema, siwezi kwenda bila kuona nyumba ya mtu aliyeniacha hai."

"Kukuacha hai wapi?" aliuliza Sesilia.

Onzima alimtazama Cleopa, kisha akamtazama tena mtoto. "Hakukuambia? Kule juu. Ndege yangu ndiyo aliangusha."

Sesilia alimgeukia baba yake mdogo, akingoja aseme kwamba huo ni utani. Cleopa alikuwa anatazama reli.

"Ni kweli, baba mdogo?"

"Ni kweli. Nilitaka kukuambia nyumbani, mama yako akiwepo."

"Uliniacha nitunge uongo! Umeusikia ubeti wangu, ukasema nimetunga vizuri!"

"Sesilia..."

"Kumbe hukumlipia Stefano kitu chochote!"

Njia nzima ya kurudi Mikumi alikaa peke yake mwisho wa behewa, amekumbatia kitambaa cheupe, uso umeelekea dirishani. Cleopa alimletea muwa. Hakuupokea.

Mama yake Sesilia jina lake lilikuwa Raheli, lakini kijiji kizima kiliendelea kumwita Mama Stefano. Jioni ile Cleopa alimweleza kila kitu, amesimama mlangoni kama mtu asiye na haki ya kuingia. Mama Stefano alisikiliza, akarudi jikoni. Baadaye alileta ugali wa unga wa njano na mchicha, akaweka bakuli la maji ya kunawa mbele ya mgeni.

Sesilia hakuweza kuvumilia. "Ni wewe uliyemuua kaka yangu?" alimwuliza Onzima. "Alikuwa karibu na Mto Kagera. Ndege ilitupa bomu. Ni wewe?"

"Sesilia!" alikaripia Cleopa.

"Mwache," alisema Onzima. Aliitoa mikono kwenye bakuli, ikidondosha maji. "Mtoto wangu, sijui. Ningeweza kusema siyo mimi, na ungelala vizuri. Lakini sijui. Niliamriwa kutupa mabomu karibu na mto, na nilitupa. Kutoka juu mtu haonekani. Unaona moshi tu. Labda alikuwa yeye, labda alikuwa mtoto wa mama mwingine."

Mama Stefano alikaa chini. Kwa muda mrefu hakuna aliyegusa chakula.

"Sijakusamehe," alisema hatimaye. "Sijui kama nitaweza. Lakini umeniambia kweli ndani ya nyumba yangu. Kula, baba. Ugali unapoa."

Onzima akala, huku akilia kimyakimya.

Sesilia hakula. Aliona wote wamemgeuka, hata mama yake. Asubuhi alipokwenda kuteka maji alimkuta Lea, rafiki yake wa darasani, bombani. Moyo wake ulikuwa umejaa mno. Alimweleza yote: mgeni ni nani, na baba mdogo amewadanganya watu wote.

"Usimwambie mtu," alisema alipomaliza.

"Haki ya Mungu, sisemi," alijibu Lea.

Lakini Lea alikuwa na kaka aliyeitwa Wenceslaus, mgambo aliyepigana bega kwa bega na Stefano, na kaka huyo hakuweza kumficha. Hata jua halijafika utosini, kina mama waliokuwa mashineni walikwisha ondoka na mahindi yao bila kusaga. Mtu alikuwa ameandika kwa mkaa ukutani: MSALITI. Sesilia aliliona neno lile alipopeleka chakula cha Cleopa, naye Cleopa alikuwa amesimama mbele ya ukuta ameshika kitambaa, asijue aanze kufuta wapi. Sesilia alidhani angefurahi kuona baba yake mdogo ameaibika. Badala yake aliweka chakula chini, akanyoosha mkono kuomba kile kitambaa.

Hapo ndipo walipoona kundi la vijana wenye fimbo likielekea nyumbani kwao. Mbele alikuwa Wenceslaus.

Cleopa na Sesilia walikimbia. Walipofika, Mama Stefano alikwisha simama mlangoni, ameishika miimo kwa mikono miwili, na Onzima alikuwa nyuma yake ndani.

"Mtoe, mama," alisema Wenceslaus. "Hatuna ugomvi na wewe. Tunamtaka yeye."

"Mgeni wa mtu hachukuliwi hivyo," alijibu Mama Stefano.

"Mgeni? Mama, mimi ndiye niliyemfunika Stefano shuka! Kwa mikono yangu hii!" Sauti ya Wenceslaus ilikatika. Akamgeukia Cleopa. "Na wewe tulikuimba. Tulikubeba mabegani! Kumbe ulimwacha hai!"

Cleopa alipita katikati ya fimbo zile akasimama karibu na shemeji yake. "Nitawaambia," alisema. "Nilipaswa kuwaambia tangu siku ya kwanza. Tulikuwa wawili angani. Alinipiga, nikampiga. Ndege yake ikashika moto, naye akaruka kwa mwavuli. Nikageuza kumfuata. Alikuwa ananing'inia mbele yangu, mikono mitupu. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha kufyatulia risasi, na niliyekuwa namwaza ni Stefano. Lakini ndege nilikwisha iangusha. Kilichobaki pale hakikuwa adui wa kupigana naye. Alikuwa mtu amening'inia kwenye kamba. Kumpiga vile kungekuwa kuchinja, na mimi sikuapa kuwa mchinjaji. Wenzetu wa chini wakaanza kumfyatulia. Nikashuka chini nikapita kati yake na bunduki zao, mara mbili, mpaka wakaacha. Wakamchukua mateka."

"Ungeweza kufa!" alisema kijana mmoja.

"Ningekufa nikiwa askari," alijibu Cleopa.

Onzima alitoka ndani, akajaribu kumpita Mama Stefano. "Mama, niache niende nao. Sitaki waumie watu kwa ajili yangu."

"Kaa hapo hapo," alisema Mama Stefano bila kugeuka. Kisha akamwambia Wenceslaus, "Mwanangu, aliyemuua Stefano hakumwona. Wewe huyu unamwona. Unaona ana macho, ana unga wangu mdomoni. Ukimpiga hapa mlangoni, nitawalilia wawili: Stefano, na wewe. Na mimi machozi ya wawili sina."

Wenceslaus alisimama akitweta. Fimbo ilikuwa bado mkononi. Kisha akachuchumaa pale pale vumbini, akalia kwa sauti kama mtoto. Vijana wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mama Stefano alishuka kizingitini, akamshika kichwa, akamwacha alie.

Sesilia alijificha nyuma ya banda la kuku. Alijua nani aliyewaleta vijana wale. Mama yake alimkuta huko baadaye, akaketi kando yake juu ya kinu kilicholala ubavu.

"Lea ameniambia aliyasikia wapi," alisema mama.

"Aliapa hatasema," alijibu Sesilia. "Kila mtu ananidanganya, mama. Baba mdogo, Lea, wote."

"Ni kweli, umedanganywa. Sitakuambia kwamba hukuumia." Mama alivuta pumzi. "Lakini sikiliza. Baba yako mdogo alikosa, ila kosa lake silo unalolifikiri. Kumwacha yule mtu hai hakukuwa kosa. Hilo ni jambo la heshima, na Stefano niliyemzaa mimi asingelionea haya. Kosa lake ni kutunyamazia. Aliogopa tutamchukia, akaficha jambo jema kana kwamba ni wizi, nasi tukajenga uongo juu ya ukimya wake. Na wewe?"

Sesilia aliinamisha kichwa. "Mimi nilitoa siri ya mgeni kwa hasira. Angeuawa."

"Angeuawa. Na baba yako mdogo naye, maana asingekaa pembeni. Mtu akikuumiza, mwendee yeye mwenyewe, umwulize, umlilie, hata umgombeze. Lakini usimtafutie watu wa kumpiga. Hapo unakuwa umeongeza jeraha la pili, na la kwanza halijapona."

"Wewe umemsamehe yule mgeni?"

"Nilimwambia kweli, bado. Ila nimemlinda. Kusamehe kunaweza kuchelewa, mwanangu. Kumwonea mtu huruma hakungojei mpaka roho ipoe."

Siku ya sherehe, Sesilia alimweleza Mwalimu Hildegarda kwa nini hawezi kuutoa ubeti wake. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akauondoa katika ngonjera. Mahali pake Cleopa alisimama mbele ya kijiji na wageni wote, akaeleza yaliyotokea, akaomba radhi kwa kunyamaza. Watu wengine walipiga makofi. Wachache waliinuka wakaondoka. Wenceslaus hakupiga makofi, lakini hakuondoka.

Onzima aliondoka kwa treni kesho yake. Sesilia alimwendea kabla hajapanda, akamwomba radhi kwa yaliyompata mlangoni mwao. Onzima aliweka mkono juu ya kichwa chake, akasema kwa lugha ya kwao maneno ambayo Sesilia hakuyaelewa.

Kina mama hawakurudi mashineni wote kwa mara moja. Alikuja mmoja, kisha wawili. Alasiri moja baada ya shule, Sesilia alimkuta Cleopa akihangaika peke yake na gunia la mahindi.

"Baba mdogo, nisamehe. Ni mimi niliyemwambia Lea."

Cleopa aliliacha gunia. "Nami nisamehe, mwanangu. Ungeyasikia kutoka kinywani mwangu, usingekuwa na la kwenda kusema bombani."

"Siku nyingine utaniambia mwanzo?"

"Nitakuambia mwanzo. Hata likiwa baya."

Sesilia akaweka mkoba wake chini, akashika upande mmoja wa gunia. Cleopa akashika wa pili, wakalinyanyua pamoja.