Upele wa Kitanda Kimoja

Jirani zangu, nyumba ya Fundi Vipimo mnaijua. Seremala yule hakati ubao kabla ya kuupima mara tatu. Kila asubuhi binti zake wawili walikaa mlangoni wakisukana nywele na kucheka. Kisha upele ukaingia, wakaacha kucheka, wakawa wa kujikuna tu.

Mkewe alileta dawa ya kupaka kutoka zahanati. Fundi akamzuia.

"Ngoja mke wangu, tuipime kwanza. Dada mtu apakwe, mdogo asipakwe. Tutaona."

Wiki tatu zikapita, wote wawili wanajikuna vilevile. Fundi akaitupa chupa. "Maji matupu haya!"

Nasi kwa kumwamini, hatukuitumia upele ulipotufikia. Hata mimi, sifichi. Upele ukasambaa mtaa mzima. Mdogo mtu akajaa vidonda vya usaha, homa juu, shule hakanyagi.

Ndipo akaja dada wa mkewe, muuguzi. Alimkagua mtoto, akamgeukia Fundi.

"Shemeji, hawa wanalala wapi?"

"Kitanda kimoja, shuka moja."

"Basi hukupima dawa! Mkubwa akipona, mdogo anamwambukiza upya. Tofauti ungeionea wapi?"

Fundi akainama kando ya mtoto. "Nimemuumiza mwanangu."

"Atapona. Leo nyumba yako yote inapakwa, na shuka zinachemshwa."

Mtaani zilibaki nyumba ishirini zenye upele, na dawa ileile aliyokuja nayo ilitosha kumi tu. Muuguzi akazichagua kwa bahati nasibu: kumi zianze, kumi zisubiri dawa nyingine. Ila kila nyumba iliyoanza ilipakwa watu wote, siku moja, hadi bibi.

Baada ya wiki tatu Fundi alipita kuhesabu mwenyewe. Kati ya zilizopakwa, tisa zilikuwa safi. Kati ya zilizosubiri, moja tu! Dawa nyingine ilipofika, alizunguka mlango kwa mlango, chupa mkononi: "Jamani nilikosea! Dawa inaponya! Pakeni wote!"

Tulipaka. Mdogo mtu akarudi shule akikimbia, mikono nje, ngozi laini. Tulimpigia vigelegele mpaka akaona aibu.

Funzo

Watu wanaolala pamoja, wanaokula pamoja au wanaofundishana, linalomgusa mmoja humfikia na mwenzake. Usiwalinganishe kana kwamba kuna ukuta kati yao. Linganisha nyumba na nyumba, kundi na kundi. Na ukishatangaza kosa, litangaze na sahihisho lake, kwa sauti ileile.