Aliyejimilikisha Kona

Wanaosema samaki hana akili hawajawahi kuishi na Afande. Alikuwa samaki wa pambo, beta dume, mwekundu wa pilipili iliyoiva, mwenye mapezi marefu aliyoyaburuta kwa maringo, na ndani ya lile tangi la kioo alijua kila kilichokuwa chake: jani pana la juu alilolilalia, kisiki alichokizunguka, na saa ya kulishwa, ambayo haikumpita hata siku moja. Ndiyo maana mchana ule, jua likiwa la utosi, alipoiacha punje ya chakula ikielea na kwenda kujibandika kwenye kioo cha pembeni, mashavu yamefura, mapezi yote yamekunjuka, akiitishia kona tupu ya sebule, mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani akatazama.

Pale konani kulikuwa na kiti cha mbao na ukuta. Basi.

"Anagombana na kivuli chake," alisema.

"Kivuli chake kiko kioo cha mbele," baba yake alimjibu kutoka kitandani. "Kila siku nawaona wakitukanana. Huko hakuna kivuli, mwanangu. Huko kuna mtu."

Alisema kwa utani, maana mzee yule utani ndio uliobaki mzima. Alikuwa mwashi. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, na tangu kiharusi kilipomlaza upande wote wa kulia hakuwa na safari nyingine ila ya macho. Binti yake alimhamishia kitanda sebuleni karibu na cherehani, kisha akamtengenezea tangi ili macho hayo yapate pa kutembea. Alipanda mimea kwenye mchanga, akamtia Afande kwanza, kisha akaongeza samaki wadogo wenye mstari wa bluu, kambare wadogo wa kufagia chini na konokono mmoja mvivu. Mzee akasema huo sasa ni mtaa kamili, una wambea, una wafagiaji, na una mkorofi wake.

Siku aliyotoka hospitali alimshika bintiye kwa mkono wa kushoto, akamwambia, "Humu nitatoka nimebebwa, na mimi mwenyewe nitakuwa sijui kama nabebwa. Usinihamishe." Binti aliahidi, na alikuwa mtu wa kutimiza alichosema hata kikimwuma.

Basi ikawa kila adhuhuri Afande anaishambulia kona ile, na wale wadogo wanajazana nyuma ya mimea upande wa mbali, wamebanana kimya. Ikaja harufu, ya kitambaa kibichi kilichowekewa pasi ya moto. Mshonaji alikimbilia pasi yake, ilikuwa baridi. Kisha sauti: mtu anakunywa kitu cha moto, anavuta kwa midomo, anameza, anapumua. Alasiri ikiingia, kila kitu kilitulia. Usiku walilala fofofo, na hilo ndilo lililowapumbaza, kwani nani aliwahi kusikia shetani anayefanya kazi mchana na kulala usiku kama karani?

Wa kwanza kuondoka alikuwa mdogo wake mshonaji, aliyeishi nao na mwanawe mchanga. Alikikalia kile kiti akimnyonyesha mtoto, akainuka akipiga kelele. Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na alama ya vidole, virefu mno.

"Dada, mimi nina mtoto," alinong'ona huku akifunga mizigo. "Unanielewa?"

"Nakuelewa. Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi nina baba."

Kiti kilipotolewa, kona ikaanza kukua. Leo ukikanyaga ukingo wa zulia masikio yanaziba, kesho yanaziba ukiwa katikati. Wateja waliokuja kupimwa nguo walisimama mlangoni wakakumbuka shughuli nyingine. Akufukuzaye hakwambii toka, na huyu alifukuza kwa ustadi, mmoja mmoja, bila haraka, hadi mpaka wake ukafika kwenye kitanda cha mzee.

Siku hiyo mshonaji alikuwa akimlisha baba yake uji. Nusu ya kushoto ya mdomo ilimeza vizuri. Halafu ile nusu ya kulia, iliyolegea tangu kiharusi, ambayo madaktari waliikanda na kuikatia tamaa, ikajikunja taratibu, ikatabasamu. Upande wa kushoto haukutabasamu. Jicho la kushoto lilimtazama binti yake kwa hofu tupu, huku upande uliokufa ukisema kwa sauti laini, iliyonyooka, ambayo haikuwa ya mtu yeyote katika ukoo wao:

"Upande huu nimeukuta wazi, nikaingia. Ule mwingine mtautoa lini?"

Bakuli lilimponyoka likavunjika. Chini ya woga wake akasikia kitu kingine kikipanda, cha moto. Ilikuwa hasira.

Mganga aliyeitwa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye shati lililonyooshwa na mkoba wa vitabu. Alikaa zuliani adhuhuri nzima akisoma. Alasiri alitoka akijifuta damu puani, akaomba maji, akanywa amesimama uani.

"Sitakudanganya, dada yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeshindwa. Majini wengi hushika mtu, na mtu anatibika. Huyu ameshika mahali. Ni jini wa jua la utosi. Asubuhi hayupo, anakuja jua likisimama. Kwa mzee anapanda kwa sababu kitanda kimo ndani ya mpaka wake. Hameni."

"Baba hahami."

"Basi atammaliza."

Mshonaji akauliza, "Mpaka wenyewe anaujuaje?"

"Kama wewe unavyojua kwako. Mlango uko hapa, kitanda kiko pale, ukuta unaishia huku. Anaingia amefumba macho."

Mganga alikwenda zake bila kupokea chochote. Mshonaji alirudi ndani akasimama mbele ya tangi muda mrefu. Alikumbuka wiki za mwanzo za Afande. Alikuwa ameachiwa tangi likiwa karibu tupu, akalizoea, akajifanya mwenye mali yote. Kila samaki mdogo aliyetiwa baadaye alitolewa mkia umechanika. Watu walimshauri amtupe. Yeye alimtia kwenye chupa ya mdomo mpana, akang'oa mimea akaipanda kwingine, akahamisha kisiki, akageuza mawe, akawaacha wadogo wazoee mtaa mpya kwanza. Afande aliporudishwa alizunguka ameduwaa, hajui cha kupigania. Akawa mgeni kati ya wenyeji. Tangu hapo waliishi kwa kuheshimiana.

"Baba," aliita.

"Mganga nimemsikia dirishani, na nimeshafikiria," mzee alisema. Naye alikuwa akilitazama tangi. "Kupanga nyumba upya ni kazi yangu hiyo. Mwite mdogo wako."

Mdogo mtu alifika alfajiri, mtoto amemwacha kwa rafiki. "Nimekuja kwa ajili ya baba," alitangaza mlangoni, "usije ukajisifu."

"Shika ndoo," dada yake akamwambia.

Hapakuwahi kuwa na msimamizi wa ujenzi mkali kama mzee yule asubuhi ile, amelala chali, anaamuru kwa nusu ya mdomo. "Kabati lizibe mlango wa mbele! Sogeza kushoto. Kushoto kwangu, si kwako! Nani aliwafundisha kusukuma?" Walinyonya maji ya tangi kwa mpira, wakawatia samaki kwenye ndoo, wakalihamishia tangi dirishani na kuwarudisha humo. Mlango wa jikoni ukawa ndio wa kuingilia. Kitanda kiligeuzwa, kichwa kikakaa kulikokuwa na miguu, kikasukumwa hadi ukuta wa pili. Mapazia ya chumbani yakaja sebuleni. Zulia lilikunjwa. Mwisho mshonaji alikokota cherehani yake mwenyewe akaiweka ndani ya kona ile, akaketi, mgongo ukutani.

"Dada, hapo?"

"Hapa. Pasipokaliwa ndipo panapokaliwa na wengine."

Jua lilisimama. Vivuli uani vilikunjamana chini ya vitu vyake. Harufu ilikuja, kitambaa kibichi na moto, lakini haikutokea konani. Ilitokea nje, kwenye mlango uliozibwa, na kitasa kikazunguka, kikazunguka tena, kabati likaguna na kusogea kidogo, kisha hatua zikaanza kuizunguka nyumba, hatua za mtu mrefu asiye na haraka, zikapita dirishani, zikapita bafuni, zikaingia kwa jikoni, na hapo mshonaji akaanza kukanyaga cherehani kwa sababu angeuacha mguu bure ungemtoroka, akashona kipande kisicho na kazi yoyote, mstari juu ya mstari, huku akisikia kiganja kinapapasa ukuta wa korido, kinafika mwisho wake mahali ambapo jana palikuwa na nafasi na leo pana pazia, kinalikamata pazia, kinaliachia, na kile kitu kinaingia sebuleni na kugonga meza, kikagonga ndoo, kikasimama katikati ya chumba kikipumua kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua, kisha kikamwelekea yeye, karibu, karibu zaidi, mpaka uzi kwenye sindano ukakatika wenyewe na masikio yake yakaziba kabisa.

"Pana mtu," alisema kwa nguvu. "Hapa panakaliwa."

Kikarudi nyuma. Kitandani, nusu ya kulia ya mdomo wa mzee, mlango pekee ambao haukuhamishwa, ilifunguka.

"Kwangu wapi?" iliuliza. Sauti ilikuwa imepungua ulaini.

"Huna kwako!" nusu ya kushoto ikajibu, na mate yalimtoka mzee kwa hasira. "Nyumba hii kila tofali limepita mkononi mwangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe umekaa miezi, hata hodi hukupiga!"

Mdogo mtu alikuwa amejikunja nyuma ya kitanda, kanga ameibana mdomoni. Kisha sauti ikageuka, ikawa ya kubembeleza, na haikumwita mzee. Ilimwita mshonaji.

"Njoo."

Alikwenda. Baadaye alishindwa kueleza kwa nini, ila alikuwa ameuona mkono wa kulia wa baba yake ukisogea. Mkono ule uliokuwa umelala miaka miwili, aliouosha na kuukausha kama kitu cha mtu mwingine, ulikuwa umeinuka kwenye shuka. Vidole vikafunguka. Ukamfikia usoni, na kwa mgongo wa kidole, kwa sababu kiganja cha mwashi kinakwaruza, ukamfuta machozi, vilevile alivyokuwa akifutwa alipokuwa mdogo.

"Nitamrudishia upande wote," sauti ilisema. "Mkono, mguu, atembee. Mimi nataka kona tu. Sema karibu."

Jamani, mtu asimhukumu mshonaji kwa muda aliokaa kimya. Alikuwa amebeba sufuria na mashuka, amembeba mzee mzima mgongoni kumpeleka kuoga, na hakuna usiku ambao hakuuombea mkono huo. Neno lenyewe ni dogo, la kila siku, tunalitupa mlangoni bila kufikiri. Lilikuwa tayari mdomoni.

Alilitazama jicho la kushoto. Lilikuwa limejaa maji.

"Usiseme," baba yake alinong'ona. "Atatembea yeye. Si mimi."

Mshonaji aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili. Ulikuwa na joto, na ulimshika pia. Aliuteremsha polepole mpaka kifuani pa mzee, akaukandamiza pale.

"Sikukaribishi," alisema, na sauti yake ilipasuka lakini haikusimama. "Leo sikukaribishi, kesho sikukaribishi. Kama baba yangu ni nusu, basi nusu hiyo ni yetu. Toka kwangu!"

Mkono ulibana mara moja, kwa nguvu ya kuvunja kidole. Kisha ukalegea. Ukawa mzito ndani ya mikono yake, uzito ule wa zamani anaoujua, na mdomo wa kulia ukaporomoka ukarudi ulivyokuwa. Ndoo tupu jikoni ilipinduka. Harufu ikapungua, ikaisha.

Mdogo wake alimfuata akamkumbatia kwa nyuma, wakalia wote wawili bila aibu. Mzee alilia kwa jicho moja.

"Nilikusikia uliponishika," alisema hatimaye. "Mkono wote, mpaka kwenye kucha."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Ungesema lile neno ndiyo nisingekusamehe."

Nje, nyuma ya ukuta, hatua zilisikika. Zilikwenda taratibu, zikasimama, kiganja kikapapasa tofali, zikaendelea, zikasimama dirishani, zikaendelea tena kuizunguka nyumba. Mdogo mtu alimkamata dada yake mkono. "Anafanya nini?"

Mzee alisikiliza kidogo. Kazi ile alikuwa akiijua.

"Anapima," alisema. "Mwacheni apime. Malizeni kulia, wanangu, kisha mlale mapema. Kesho asubuhi tunapanga tena."