Makofi ya Kimbo

Gathoni hushona sare za shule huko Kimbo, Ruiru, katika kibanda cha mabati nyuma ya steji ya matatu. Asubuhi hufagia nyuzi, hupangusa cherehani zake mbili, kisha huchemsha chai ya tangawizi. Cherehani moja ni yake. Ya pili hushonea Janice, msichana ambaye Gathoni mwenyewe alimfunza kazi, tangu kutia uzi kwenye sindano hadi kushona koti zima.

Januari ya kawaida, kabla ya shule kufunguliwa, wawili hawa hawapati nafasi ya kukohoa. Januari hii walikaa mikono mapajani.

Serikali ilikuwa imeweka ushuru mpya kwa vitambaa vinavyotoka nje. Ilisema inalinda viwanda vya nyumbani. Bei ya kitambaa cha sare ikaruka. Wazazi waliuliza bei ya sketi, wakasonya, wakaenda kutafuta za mitumba.

"Serikali inakulindia viwanda na bado unanuna," alisema Zacharia, mumewe. Yeye aliipigia kura serikali hiyo, na hakutaka kusikia ikisemwa.

"Viwanda gani, Baba Wanja? Hicho kitambaa cha kijani cha hapa nyumbani kiko wapi? Nionyeshe nikanunue saa hii."

"Kitakuja."

"Na watoto waende shule uchi wakikingoja?"

Janice alicheka. Zacharia akabeba kikombe chake, akaenda kunywea nje.

Ijumaa moja redio ikatangaza kwamba korti imesimamisha ule ushuru. Steji nzima ilipiga kelele. Mama mmoja wa mboga alisema jaji huyo anafaa kununuliwa ng'ombe. Gathoni hakungoja. Alifunga kibanda, akaenda Thika kwa Dhanlaxmi, mwenye duka la vitambaa anakonunua miaka yote.

Bei ilikuwa ile ile.

"Mama Amar, kwani hukusikia redio?"

"Nilisikia."

"Basi mbona unatufinya? Korti inasema hivi, nyinyi mnasema vile!"

Dhanlaxmi aliweka mkasi chini. "Jora hili la kitambaa nimeshalilipia ushuru bandarini, Gathoni. Nani atanirudishia? Na serikali imekata rufaa. Ngoja kidogo."

"Kungoja ni kwa wenye maduka," alisema Gathoni. Akatoka mikono mitupu, bila hata kuaga.

Lakini Dhanlaxmi alisema kweli. Juma halikuisha kabla ya Mahakama ya Rufaa kuruhusu ushuru uendelee hadi kesi isikizwe. Waliomsifu jaji sasa walitukana majaji wote.

"Wao wanapigiana pasi," alisema Kivuva, mwenye hoteli ya hapo steji. "Mpira ni sisi."

Siku ya kesi, watu walijaa hotelini kwa Kivuva kutazama habari za mchana. Wakili wa serikali alisimama na kusema wananchi wa Ruiru waliulizwa maoni, wakakubali ushuru kwa shangwe. Kisha ikaonyeshwa video. Ilikuwa ya mkutano wa maoni juu ya ushuru, uliofanyika Kimbo mwaka uliopita. Afisa amemaliza kuzungumza. Kwenye mstari wa mbele anasimama mwanamke mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, anainua mikono: "Haya, tumpe mgeni makofi ya kilo!" Na ukumbi mzima unalipuka.

"Woi," alisema Janice. "Mama, si huyo ni wewe?"

Ilikuwa yeye. Gathoni ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, na aliombwa kumshukuru mgeni. Kimbo mgeni haachwi aondoke bila makofi, hata kama maneno yake yamekuwa machungu kama shubiri. Kila mtu Kimbo analijua hilo. Korti haikulijua.

"Kumbe bibi yangu ni mtu wa serikali!" alisema Zacharia, akacheka. Alicheka peke yake.

Mwisho wa mwezi Janice alikunja aproni yake. Hakukuwa na kazi ya watu wawili. Alipata kibarua shamba la maua upande wa Thika. Gathoni alimsindikiza hadi barabarani, akarudi, akaifunika ile cherehani kwa shuka.

Siku chache baadaye Selpha alileta rinda lipanuliwe. Selpha ni jirani, na hufanya kazi katika ofisi inayowasaidia watu kwa mambo ya sheria. Alimkuta Gathoni amevimba macho.

"Ilikuwa adabu tu, Selpha. Mimi sikuukubali ule ushuru."

"Ulisema huukubali?"

"Nilimnong'oneza Rachael wa kikundi chetu, tulikuwa tumekaa pamoja."

"Mnong'ono hauandikwi, Mama Wanja. Makofi yameandikwa."

"Na yule afisa alikuwa anamwaga Kiingereza! Nusu sikuisikia."

"Ulimwambia abadilishe lugha?"

"Mgeni? Nianze kumsahihisha mgeni?"

Selpha alivuta stuli. "Sikia. Katiba inataka watu waulizwe kabla ya sheria kama hii. Kuulizwa si kukalishwa tu. Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Unasimama, unataja jina lako na unakoishi. Unasema wazi: naunga mkono, au napinga. Halafu unatoa sababu. Usikae chini hadi karani asome alichokuandikia. Asiyeweza kufika atume maoni yake kwa maandishi, kabla ya siku ya mwisho."

"Na mgeni aende hivi hivi, bila makofi?"

"Mpe chai. Hakuna wakili atakayesema chai ni kura."

Gathoni alicheka kidogo, na kicheko chenyewe kilimuuma.

Selpha alimweleza kwamba kesi haijaisha. Wanaopinga ushuru walihitaji watu wa Kimbo waape na kueleza mkutano ulivyokuwa.

"Usiende," alisema Zacharia. "Utatuaibisha."

"Aibu iko kwa televisheni tayari. Nakwenda kuichukua."

Alipitia Thika kwanza. "Mama Amar, nilikuja hapa na mdomo mbaya," alisema. "Nisamehe."

Dhanlaxmi alimsukumia kiti. Alisema hakuna mwenye duka hata mmoja mtaani kwake aliyealikwa mkutano wowote. Basi naye akaenda kuapa pamoja na Gathoni.

Majaji waliwasikia. Walisema makofi si maoni, na wenye kuumia hawakuitwa. Wakaiagiza serikali irudi ikaulize watu upya, ushuru ukiendelea kwa sasa. Ila ushuru uliokwisha kutozwa haukurudishwa kwa yeyote.

Kikao kipya kilikuwa Thika. Afisa alipoanza Kiingereza, Gathoni alisimama na kuomba Kiswahili. Watu waligeuka kumtazama, lakini afisa akabadilisha. Zamu yake ilipofika alisema, "Naitwa Gathoni, fundi wa Kimbo. Napinga. Kitambaa cha sare hakitoshi hapa nchini. Viwanda vikitosha, nitakuwa wa kwanza kununua." Alisimama hadi karani akamsomea maneno yake. Dhanlaxmi akafuata. Mwishoni afisa alifunga faili, akangoja. Hakuna aliyepiga makofi. Akaletewa chai.

Miezi ikapita. Kitambaa cha sare kikaondolewa ushuru hadi viwanda vya nyumbani vitakapotosha. Waziri alisema serikali ni sikivu.

"Unaona?" alisema Zacharia. "Serikali inasikia."

Gathoni akamwongezea chai.

Wazazi walirudi. Kikundi cha wanawake nacho kilibadilika, maana Gathoni aliwafunza yote aliyoelezwa na Selpha. Kilipokuja kikao cha ada za soko, walisimama mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake, hadi karani akaomba kupumzisha mkono.

Kazi ilipozidi, Gathoni alimpigia Janice simu.

"Rudi, mwanangu. Oda zimejaa."

"Hongera, Mama. Lakini sirudi."

"Kwa nini? Huko ni kuzuri?"

"Si kuzuri. Mgongo unaniuma. Lakini huko Kimbo, wakirudi kortini tena, nitakula nini?"

 Gathoni alikuwa amefunza watu wengi kupinga mkutanoni, lakini hili hangeweza kulipinga.

"Huko wanawapa glavu za kukinga miiba na dawa?" aliuliza.

"Wanatupa."

"Basi uzivae," alisema Gathoni. "Hata kukiwa na joto, uzivae."