Ufunguzi wa Bingwa

Bingwa wa sataranji alikutwa amekufa katika chumba chake cha mazoezi, shavu juu ya ubao, povu limemkaukia mdomoni. Kando yake palikuwa na kikombe cha kahawa, kitupu.

Inspekta alimwombea marehemu kimoyomoyo, ndipo akavaa glavu.

"Sumu," alisema daktari wa polisi.

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake," alijibu mwamuzi wa klabu, mama mtu mzima mwenye miwani, akiwa mlangoni. "Fainali ikikaribia hataki mtu. Hata mimi sijakanyaga humu leo."

Inspekta alitazama ubao. Hatua chache tu zilikuwa zimechezwa. Saa ya mchezo ilionyesha kwamba muda wa Bingwa umekwisha.

"Mama, anayejifunza peke yake huwasha saa?"

"Ya nini? Amkimbize nani?"

"Hapo ndipo na mimi nimekwama."

Kikombe kilikuwa kimepanguswa. Kete nazo vilevile. Lakini kitufe cha saa, upande wa mpinzani, kilikuwa na alama ya kidole. Na saa ilikuwa mpya; boksi lake lilichanwa asubuhi ileile.

Maabara ilipojibu, inspekta alimkalisha mwamuzi kituoni.

"Ulipangusa kila kitu, mama. Ukasahau saa."

Mwamuzi alicheka kwa uchungu. "Mkono wa mchezaji! Ukishacheza, unabonyeza saa bila kukuuliza."

"Alikukosea nini?"

"Ufunguzi uliompa sifa, zile hatua za kwanza za mchezo, aliubuni mwanangu, mezani kwangu, mkono mmoja unakula, mwingine unasogeza kete. Bwana yule akauiba, kisha akamtangaza mwanangu kuwa ndiye mwizi. Klabu ikamfukuza. Mwanangu akajiua."

"Ndipo ukamtilia sumu."

"Nilimwomba mchezo mmoja. Nikamchezea ufunguzi uleule huku kahawa ikifanya kazi yake. Alipoanza kutetemeka nikamwambia, 'Anayecheza nawe ni mwanangu.' Nilitaka aelewe kabla hajakata roho. Akaelewa. Sijutii hata chembe."

"Ungekuja kwetu, mama. Tungemshtaki."

"Nilikuja, baba. Hapo kwenye kaunta yenu. Mlicheka mpaka mkashika mbavu. Mkaniambia hamfungui kesi ya vijiti vya kuchezea."

Inspekta alivuta karatasi mbele yake.

"Sasa andika maelezo yangu," mama alisema. "Uandike na ufunguzi ule ni wa nani. Hilo usiliruke. Ukimaliza, nipe kalamu nitie sahihi."