Chupa ya Chini ya Kitanda

Kila asubuhi, shangazi akishatoka kwenda kwenye cherehani yake sokoni, binti alivuta chupa kubwa kutoka chini ya kitanda na kunywa funda moja la maji. Moja tu, yasije yakaisha. Yalikuwa maji ya bomba la kwao, mama yake aliyajaza siku alipomsindikiza stendi aje kusoma katika jiji hili. Siku hizi yalikuwa na ladha ya plastiki, na tumbo lilimsokota, lakini alilaumu chakula. Nyumba ilikuwa kimya, hakuna hata kaka wa kugombana naye kama kwao.

Maji ya hapa hakuyataka. Yalitoka bombani meupe kama yametiwa maziwa, tena yakinuka dawa. Shuleni kutwa alisifu maji ya kwao, mpaka wenzake wakambandika jina Kwetu, na mapumzikoni wakamwacha peke yake ukingoni mwa veranda.

Mwalimu wa sayansi aliposema watalinganisha maji ya miji hiyo miwili, kila mmoja alete chupa ya bombani kwake na Kwetu aongeze ya kwao, Kwetu alifurahi. Ya kwao yakishinda, mama atasikia, atamrudisha. Akajaza chupa ya pili bombani kwa shangazi, akaikazia macho. Weupe ukayeyuka wenyewe, maji yakang'aa. Alipoona hivyo, alichota udongo kwenye kopo la maua, akatia, akatikisa.

Darasani mwalimu aliinua chupa hiyo, udongo umetuama chini. Kisha akainua ya Kasuku, msichana wa nyumba ya jirani, asiyejua kuficha neno. Ilikuwa safi.

"Mtaa mmoja, bomba moja," mwalimu akasema taratibu. "Udongo huu umepita wapi?"

"Labda umekuja na basi kutoka kwao," mmoja akadakia. Wakacheka.

Kwetu aliinamisha kichwa. "Nimeutia mimi, mwalimu."

Kicheko kikakatika. Mwalimu akafungua chupa ya kwao. Harufu ya uvundo ikawafikia hata wa dawati la nyuma, na ndani utelezi wa kijani ulikuwa umeganda. Akaeleza kwamba ule weupe ni hewa tu, na dawa inayonuka ndiyo inayoua vijidudu. Maji yakikaa sana chupani, dawa huisha nguvu. Mji upi una maji bora, akasema, leo hawawezi kujua: chupa moja imevunda, nyingine imechafuliwa. Wangeanza upya kwa maji mapya ya pande zote mbili.

Jioni shangazi alikuwa ameshayajua yote. Kasuku alipitia sokoni kwanza. Shangazi hakugomba. Alimwaga maji ya chupa ile uani, akachemsha ya bombani, na yalipopoa akajaza bilauri mbili, ya Kwetu na ya Kasuku, aliyekuwa bado amesimama mlangoni akisubiri kusikia zaidi.

"Umefanya kosa kudanganya, lakini umesema kweli mbele za watu, na hilo si jambo dogo," shangazi akamwambia. "Sasa sikia, mwanangu. Maji ya kwenu yalikuwa mazuri. Yameharibika kwa kufungiwa. Nawe usijifungie. Mpishe mwenzio akae."

Kwetu akasogea kwenye mkeka. Yale maji bado yalinukia dawa kidogo. Akayanywa yote.