Mashimo Sita Ambayo Sikuyachimba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi mbili: kufagia uwanja wetu pale Rahaleo na kumchotea mama maji ya kuoshea trekta. Trekta lenyewe halikuwa letu. Lilikuwa la Bwana Hashimu, na mama yangu, Mwanakombo, alikuwa amepewa aliendeshe kwa mwezi mmoja wa majaribio. Majirani walimcheka. "Mwanamke na trekta, wapi na wapi!" Mama aliendelea kupaka grisi. Tangu baba afariki alikuwa akibangua korosho za watu hadi vidole vikageuka vyeusi. Nilijua kabisa kwamba akiikosa kazi hii, basi tena.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kutayarisha kiwanja cha kilimani cha nyumba ya wageni kule Mikindani ili kipandwe ukoka. Ijumaa mchana alinishusha pale, akanipa jembe, rula na daftari. Yeye alikuwa anakwenda kuchukua vyombo vya trekta kwa Bwana Hashimu.

"Warda, chimba mashimo tisa, moja kila baada ya hatua kumi," alisema. "Pima udongo mweusi umeshuka kiasi gani, uandike. Udongo ukiwa mwingi, nafunga lile bapa la kukwangua, tunakisawazisha kilima kwa siku moja. Ukiwa kidogo, bapa siligusi. Nafunga reki, naparuza juu juu tu."

"Si tungepiga haro tu, mama, tuvunje madongoa kama kwa babu kule Mpapura?"

"Haro ni ya kwenye mikorosho, mwanangu. Hapa hatulimi, tunasawazisha. Chimba yote tisa, umesikia?"

Nilichimba matatu, tena yote chini karibu na geti. Udongo ulikuwa laini, rula ikazama yote. Jua lilikuwa kali, viganja vimeanza kutoka malengelenge, na rafiki yangu Zulfa alikuwa ananingoja kwenye netiboli. Nikajiambia, ardhi si ni hiyo hiyo? Nikaketi kivulini nikabuni vipimo sita vya sentimita: ishirini na nane, thelathini, ishirini na saba, na kuendelea. Nilivibadilisha badilisha ili vionekane vya kweli. Mvivu wa kawaida angeandika namba ile ile mara sita. Mimi nilidanganya kwa bidii.

Jumamosi mama alisoma daftari, akaridhika, akafunga bapa. Mzunguko wa kwanza ulikokota udongo wote mweusi ukaurundika chini ukutani. Mzunguko wa pili, Mtume! Chuma kililia juu ya mwamba hadi nikaziba masikio. Mama akazima injini. Kilima chote kilikuwa cheupe, matumbawe matupu.

Bwana Hashimu alipofika, alishika kichwa. "Mwanakombo! Umenifanya nini? Ukoka utaota kwenye mawe?"

"Nimekosea, bwana."

"Nilijua mimi! Jumatatu unirudishie ufunguo."

Daftari lilikuwa mfukoni mwa mama, lakini hakulitoa kujitetea. Hapo nikashindwa, nikaangua kilio. "Bwana Hashimu, ni mimi! Nilichimba matatu tu. Mengine nilibuni."

Nilidhani ukweli utamwokoa. Wapi! Bwana Hashimu alimgeukia mama, akasema polepole, "Kumbe hata kupima ulimwachia mtoto?"

"Nilimwachia," mama akajibu. "Kosa ni langu. Niachie hadi Jumatatu nirekebishe."

"Rekebisha. Ufunguo ni Jumatatu hiyo hiyo."

Tulifanya kazi siku mbili. Mama alifungua bapa, akafunga reki, akalichambua lile rundo taratibu. Meno ya chuma yalitoa mawe, mimi nikiyaokota na kuyabeba ukutani. Kisha akafunga ubao mzito kwa minyororo nyuma ya trekta, akautandaza udongo upya. Ulitosha nusu ya chini tu. Mvua ya kwanza ilipoanza kunyesha Jumapili jioni, tulikuwa tunachomeka ukoka wa mwisho.

Jumatatu Bwana Hashimu alikagua, akakanyaga hapa na pale. "Nusu hii itashika. Kule juu wenyewe wataweka viti." Kisha akanyoosha mkono, mama akampa ufunguo.

Tulirudi nyumbani. Nilijichukia, nikatamani anichape yaishe. Tulipofika mlangoni nikamwomba radhi, naye akaniketisha kibarazani.

"Kilichoniuma si kwamba hukuchimba," alisema. "Mtoto huchoka. Ungeniambia, 'Mama, yamebaki sita,' ningechimba mwenyewe kabla ya magharibi, na leo ningekuwa kazini. Mtu anayekuamini anaamua kwa lile ulilomwambia, Warda. Kazi uliyoiacha, mwingine anaweza kuimalizia. Uongo uliouandika, nani angejua kwamba unahitaji kumaliziwa?"



Jumanne mama alirudi kubangua korosho za watu. Alhamisi tulimwona Kassimu, dereva mpya wa Bwana Hashimu, akipita mtaani na trekta. Alipiga honi kutusalimu. Mama akampungia mkono, kisha akamwita asimame, akamweleza kwamba kilima cha Mikindani hakina udongo juu, asije akafunga bapa akitumwa kule.