Yupi na Yupo

Watu wanane walisimama mstarini katika ukumbi wa kituo cha polisi cha Mwangazani, na kwa hesabu ya kila aliyekuwapo, saba kati yao hawakuzaliwa na mwanamke. Walikuwa miili-nuru: mamia ya taa za dari yaliungana yakafuma ngozi, ndevu, mikunjo ya shati, hata kope za kupepesa. Mtambo uliowafuma uliitwa Gwaridishi. Kabla yake, askari walitoka barabarani kuwaomba wapita njia waje wasimame na mtuhumiwa, na mara nyingi mtuhumiwa akawa peke yake mwenye ndevu, au peke yake asiye na viatu. Shahidi angekosaje kumwona? Gwaridishi uliikomesha dhuluma hiyo. Ulipokea vipimo vya mtuhumiwa, yaani kimo, rangi na umri, ukamzungushia watu saba waliofanana naye kama kunde za ganda moja.

Mhandisi Hiari Kibwana, aliyeubuni, alisimama kando, kifua mbele. Wageni kutoka miji mitatu walikuwa wamekuja kuuona ukifanya kazi.

Shahidi alikuwa Mama Sikudhani, mpishi wa shule. Mwezi uliopita kijana mmoja alimpora betri ya moyo wa mumewe mlangoni pa hospitali, na mzee akafariki kabla haijapatikana nyingine. Fundi bomba aitwaye Nangomwa alikamatwa. Hapakuwa na ushahidi mwingine ila macho ya mama huyu. Akimtambua, fundi angefia gerezani.

"Je, yupi, mama?" sauti laini ya mtambo iliuliza.

Mama alipitisha macho mwanzo hadi mwisho, akarudi.

"Wa nne."

"Una hakika?"

"Sura ile naiona hata nikifumba macho."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini Mama Sikudhani alikuwa mtu wa zamani. Katika ujana wake shahidi hakunyoosha kidole kwa mbali. Alikwenda akamshika mtu bega, apate kuyabeba maneno yake kwa mkono wake mwenyewe. Basi akauvuka mstari mwekundu sakafuni, akamfikia wa nne, akaweka mkono begani.

Mkono ukazama mpaka kifuani.

"Huyu hana mwili," alisema.

Sajenti Ngonyani, mkuu wa zamu, alikuwa ameshika sikio akisikiliza redio. Uso ukamshuka. "Gari la mahabusu limekwama darajani. Mtuhumiwa hajafika."

"Sasa hawa mbona wanane?" mgeni mmoja aliuliza.

Hiari alielewa kabla ya wote. Gwaridishi haukuacha nafasi wazi; ulipomkosa mtu, ulimfuma wa nane.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia, "mbona ulisema una hakika?"

"Baba, usinifokee. Umeniuliza ni yupi. Mtu akikuuliza ni yupi, si amekwisha kukwambia kwamba yupo? Nikamtafuta anayekaribia. Na kila nilipomtazama, akazidi kukaribia." Aliufuta mkono kwenye kanga kana kwamba umelowa. "Ningemuua mtu wa watu."

Hiari angeweza kujidanganya kuwa hakujua, lakini alijua. Siku za majaribio mtambo uliuliza, "Je, yupo?" na mashahidi wengi wakajibu hayupo. Wakubwa wakanung'unika: mtambo gani huu usiokamata mtu? Usiku huohuo akaibadili herufi moja tu, na asubuhi kila shahidi akawa na jibu. Alipigiwa makofi, akayapokea.

"Tutarudia akifika," alisema Sajenti. "Rekebisha hitilafu yako, mhandisi."

Hiari akainama kwenye kidhibiti, akaifuta *i*, akaandika *o*. Hakumwambia mtu.

Gari lilifika. Nangomwa akaingia kwa mlango wa nyuma, akachagua nafasi ya pili, nuru saba zikamzunguka.

"Je, yupo, mama?"

Mama Sikudhani alitazama kwa muda mrefu. Machozi yakamlenga, kwa kuwa alimtaka sana muuaji wa mumewe. "Hayupo," alisema.

Nangomwa akaachiwa huru. Wageni wakasifu: mtambo unajisahihisha wenyewe. Hiari hakukanusha. Alisimama katikati ya sifa kama mtu aliyevaa shati la kuiba.

Fundi akamjia mkono mbele. "Ahsante, mhandisi. Mashine yako ina haki."

"Usinishukuru."

"Nisikushukuru vipi? Kaka yangu alisimama hapahapa mwaka juzi, akatambuliwa. Mpaka leo, kila tukimtembelea gerezani, anasema si yeye. Hata mimi nimekuwa nikimwona mwongo." Alicheka kidogo, bila furaha. "Labda siku yake mashine iliharibika, eh?"

Hiari aliutazama ule mkono, asiuguse.

"Haikuharibika," alisema. "Ilifanya kazi kama nilivyoitengeneza."

Akamweleza, palepale, mbele ya wageni. Maelezo yalikuwa mafupi mno kwa uzito wake. Nangomwa aliushusha mkono polepole.

"Mama yetu alikufa akimkana kaka," alisema. "Hilo nalo utalirekebisha?"

"Nitakuja nyumbani, niwaombe radhi."

"Usije. Hatupokei mgeni wa maneno matupu. Ukija, uje na kaka."

Akaondoka. Wageni wakakusanya mikoba yao, macho chini. Hiari akavuta kiti mbele ya meza ya Sajenti, akaketi upande wanaoketi watuhumiwa.

"Sajenti, chukua maelezo yangu."

"Kuhusu kesi ipi?"

"Zote," alisema Hiari. "Anza na ya kaka yake."